Kona Aliyoiacha Wazi

Jumatatu, 6 Agosti 1973

Shule zimefungwa na bado sijapumzika. Kocha Manasseh amekuja hapa Mosocho mchana kwa baiskeli, jasho linamtiririka, kuuliza kwa nini timu inakosa vikapu mazoezini. Nimemwambia wazi: Alfayo anarusha mpira mara tu akiupata, utadhani ameshikishwa kaa la moto. Amecheka. Mtu wa Kakamega huyu, akicheka hata kuku wanatoka jikoni.

Kazi yangu kwenye timu hii ya mpira wa kikapu ni kukaa mezani na kuchora. Yule Mmarekani wa Peace Corps aliyetufundisha chuoni ndiye aliyenionyesha. Unachora uwanja kwenye karatasi. Kila mpira unaorushwa unauwekea alama pale uliporushwa: duara ukiingia, msalaba ukikosa. Baada ya mechi unatazama na mchezo wote uko mbele yako, hakuna wa kukudanganya. Misalaba ya Alfayo imetapakaa uwanja mzima kama makaburi. Ya Jethro ni michache kwa sababu harushi ovyo. Kazi ya Jethro ni kumkaba mtu. Mwezi wa sita alimkaba Makori, yule mwalimu wa Nyamira anayesifiwa kila mahali, mpaka Makori akaomba kupumzishwa. Alimganda kama kupe! Nilijivuna siku ile kama ni mimi niliyecheza.

Sasa ni mechi tatu na Nyamira, Jumapili tatu mfululizo. Jumapili, maana nusu ya timu zote mbili ni Wasabato kama mimi. Wakatoliki wananung'unika lakini watatoka misa mapema. Atakayeshinda mbili anaenda Nairobi, na huko ndiko wanakochagua timu ya taifa.

Jethro amesema tena: tukitoka Nairobi, anatuma wazee kwetu Kenyenya. Miaka minne nimengoja. Nina miaka ishirini na saba na Mama ameacha kuniuliza, jambo baya kuliko kuulizwa. Basi, wiki chache zitanishinda?

Jumapili, 12 Agosti

Tumeshindwa! Hapa hapa Kisii, mbele ya watu wetu.

Makori ametuua. Pembeni, kona ya kushoto, anasimama, anapokea, anarusha, inaingia. Tena na tena. Mkono umeniuma kwa kuchora duara mahali pamoja hadi karatasi ikatoboka. Na aliyemkaba nani? Jethro. Yule yule wa mwezi wa sita.

Halafu amecheza na suruali ndefu. Wenzake wote kaptura, yeye suruali, kwenye jua lile. Kocha akamwuliza kama anaenda ofisini. Akasema ana baridi. Baridi saa nane mchana! Makori naye suruali ndefu. Alfayo akasema labda wamegawana kitambaa kimoja. Watu wakacheka, hata mimi.

Baada ya mechi Jethro hakuja mezani kunisalimu. Ameondoka na basi la Magwagwa, kwao. Mama yake hajisikii vizuri, nimeambiwa.

Jumatatu, 13 Agosti

Nimeikalia ile karatasi tangu asubuhi. Mong'ina, mwenzangu tunayekaa naye nyumba hii, amepika, amekula, ameosha sahani, mimi bado.

Ninachokiona ni hiki. Makori si mrushaji wa ajabu. Ana ugonjwa mmoja mkubwa: lazima aushushe mpira kiunoni kabla hajaupandisha. Anataka nafasi. Ukimsogelea, ukamgusa kifua, hawezi kuushusha. Anapiga hatua kwenda kulia, na kulia ni misalaba mitupu. Mwezi wa sita Jethro alimnyima hiyo nafasi. Jana alimpa. Anakuja mbio vizuri, miguu haina neno, halafu akimfikia Makori anasimama mbali, kama amekuta uzio. Mikono chini. Na Makori naye hamwendei. Angeweza kumpita akaweka mpira kikapuni kwa raha, njia ipo! Haendi. Anabaki kona yake, anarusha kutoka mbali. Ni kama wote wawili wanaogopa kugusana.

Sielewi. Mjini wanasema wao wameelewa. Jethro ni wa Magwagwa, Nyamira ndiko kwao, kwa hiyo ameuza mechi. Karani mmoja wa kahawa, anayefanya naye kazi chama cha ushirika, amenitajia hata bei. Nimemjibu maneno ambayo mke wa mchungaji asingependa kuyasikia.

Alhamisi, 16 Agosti

Jethro amekuja! Ameniletea mkungu wa ndizi kutoka kwao. Nimemuuliza moja kwa moja: ni nini ile? Amesema goti. Nikamkalisha, nikachukua dawa ya kuchua, nikamchua goti. Nimebonyeza juu, chini, pembeni, hakushtuka hata kidogo. Nikasema si linaonekana zima? Akasema maumivu yako ndani.

Nikadhani anaona haya kwa kushindwa. Nikamwambia asijali, kila mchezaji ana siku yake mbaya. Akaniangalia vile, macho yamejaa maji, akasema, "Persis, wewe ni mtu mzuri sana." Nimefurahi mpaka nimesahau kuweka chumvi kwenye mboga. Mong'ina amekula bila kuulizia chumvi. Si kawaida yake.

Nimemwandikia Kocha: Alfayo amkabe Makori. Amsukume kulia. Jethro akae na yule mrefu wao asiyejua kurusha.

Jumapili, 19 Agosti

Tumeshinda! Nyamira, kwao, kwenye uwanja wao wa vumbi! Alfayo amemng'ang'ania Makori kama deni, Makori akahamia kulia, misalaba, misalaba! Na Alfayo mwenyewe nilimwapisha kabla ya mechi: usirushe kabla mpira haujapita mikono mitatu. Ametii kipindi kizima. Cha pili akasahau, lakini tulikuwa tumeshawaacha. Kocha amenibeba juujuu mbele ya watu, mwalimu mzima, gauni lapepea. Aibu yangu!

Lakini nimeona kitu. Mara moja Makori alimkimbia Alfayo akaangukia upande wa Jethro. Ilikuwa kazi ya Jethro kumzuia. Akampisha. Alisogea kando, akainamisha kichwa, kama unavyompisha mtu njiani. Na tulipoondoka alisimama nyuma ya lori mpaka Makori alipopita na watu wake. Wengine wote walisalimiana naye, wakataniana. Nikamuuliza, hata salamu umemnyima? Akasema twende, lori linaondoka.

Suruali ndefu tena, wote wawili.

Jumatano, 22 Agosti

Kenyenya, nyumbani. Nimekuja kumsaidia Mama kuvuna wimbi.

Leo baba mkwe wa kaka yangu Josiah amepita kuuliza habari ya ng'ombe mgonjwa. Josiah alikuwa anapasua kuni, kifua wazi, kaptura. Kumwona tu mzee mlangoni! Ametupa shoka, amepita nyuma ya nyumba, amerudi na suruali ndefu na shati limefungwa mpaka shingoni. Akasimama mbali. Hakumpa mkono. Mzee akasogea kumwonyesha kitu, Josiah akarudi nyuma. Akainamisha macho. Mikono chini.

Hakuna aliyeshangaa. Ndiyo heshima yetu, ndiyo ensoni, mtoto wa Kisii anaijua kabla hajajua kuhesabu. Mkwe humgusi. Mkwe haoni mapaja yako wala wewe hutazami yake. Na mkwe si baba wa msichana peke yake, ni ndugu wote wa huyo baba, hata yule mdogo kabisa ambaye ni rika lako.

Nilikuwa nimeshika ungo wa wimbi. Nimeumwaga wote. Mama ameuliza kama nimeumwa na nyoka.

Sitaki kuandika ninachofikiri. Kesho narudi Mosocho.

Alhamisi, 23 Agosti

Nimefika, sijavua hata kitambaa. Nimemwambia Mong'ina: mama yako alizaliwa karibu na Magwagwa. Niambie. Makori wa Nyamira ana undugu gani na Jethro?

Akaanza kulia yeye kabla yangu. Basi nikajua.

Ng'ombe walipelekwa mwezi wa saba. Kimyakimya, bila sherehe, asubuhi na mapema. Msichana anaitwa Nyamusi, baba yake ni mzee Nyamongo, na Makori ni mdogo wake huyo Nyamongo, mziwanda wao. Kwa hiyo Makori ni baba mkwe wa Jethro. Mtu wa miaka ishirini na tisa! Na msichana tayari yuko kwa mama yake Jethro, anachuma chai. Mama hajisikii vizuri! Nimetuma sukari kwa mama yule mara mbili.

Nikamuuliza Mong'ina mbona hukuniambia. "Ningekuambia na mdomo gani, dada? Ulikuwa unaimba jikoni."

Nashukuru naandika Kiswahili. Kwa lugha ya nyumbani nisingefika mwisho wa mstari.

Ijumaa, 24 Agosti

Jua limezama, Sabato imeingia. Nimepiga magoti tu.

Jumamosi, 25 Agosti

Kanisani kwaya imeimba na mimi nimefungua mdomo tu. Jethro hakuja. Nimekaa nikijidanganya vizuri sana. Labda Mong'ina amesikia vibaya. Magwagwa kuna akina Jethro wangapi? Labda ng'ombe ni wa kaka yake. Labda goti ni goti! Mtu aliyesoma, mwalimu wa hesabu, nimekaa kwenye benchi la kanisa nikitafuta Jethro mwingine.

Kocha ni Mquaker lakini anatuheshimu: amengoja jua lizame ndipo akabisha. Ametaka mpango wa kesho. Akasema bila shaka Alfayo tena kwa Makori, sivyo?

Nikasema hapana. Nikamwambia Alfayo atachoka, tunamhitaji mbele. Nikamwonyesha karatasi ya Nyamira: tazama, kipindi cha pili mirusho yake yote imekuwa mifupi, inagonga mbele ya ringi, hiyo ni miguu imekwisha. Hilo ni kweli, lakini siyo sababu. Nikasema, Jethro amkabe Makori.

"Jethro? Na ile ya mara ya kwanza, Mwalimu?"

"Goti lake limepona."

Ameniamini. Karatasi zangu hazijawahi kumdanganya. Mimi ndiye niliyemdanganya leo, na sababu yangu ni moja tu: nataka kuona kwa macho yangu. Jethro akimgusa Makori, akimsukuma bega kama mwezi wa sita, basi hakuna mkwe, hakuna Nyamusi, na nitamwomba Mong'ina radhi huku nacheka. Mtu wetu hawezi kumgusa mkwe wake. Hata kwa Nairobi hawezi. Kwa hiyo akimgusa, ni wangu.

Mungu anisamehe. Nawaombea washinde, na kuomba hasa naomba amguse.

Jumapili, 26 Agosti

Saa kumi na mbili kasorobo jioni. Naandika haraka, nitasema kwa nini.

Mechi ya tatu ilikuwa Kisii tena, watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Jethro akatoka na suruali ndefu. Kocha akamtangazia amkabe Makori, nikaona Jethro amegeuka kunitazama mezani. Mara moja tu. Alijua ni mimi.

Mpira wa kwanza ulikwenda kona ya kushoto. Makori akapokea. Jethro akaja mbio, nikasimama kwenye kiti. Nikapiga kelele, "Msogelee! Mguse!" Watu wa nyuma wakanishangilia, Mwalimu leo amepandwa na mori! Jethro akasimama mbali. Mikono chini, macho kwenye saruji. Makori hakumtazama pia. Akaushusha mpira kiunoni polepole, kama mtu aliye peke yake nyumbani. Ukaingia.

Nikachora duara.

Ningemwita Kocha hapo hapo. Nilikuwa nimeshapata jibu langu. Lakini nilifikiri labda ni mara ya kwanza tu, labda ameteleza, tuone inayofuata. Inayofuata ikawa vile vile. Na inayofuata. Kila mara niliuliza swali lile lile kwa sauti, "Mguse Jethro! Mguse!", sauti imekauka sasa, na kila mara alinijibu kwa kusimama mbali. Mapumzikoni Kocha akaja, akauliza tubadilishe? Nilikuwa na maneno mdomoni. Lakini nikasema, mpe muda kidogo.

Alipombadilisha, tulikuwa nyuma sana. Alfayo akaingia kwa Makori, akamsukuma kulia, Makori akakauka kabisa. Tukapanda, tukapanda! Sekunde za mwisho tulibakiza kikapu kimoja tu tushinde. Alfayo akapata mpira katikati, njia wazi, hakuna mtu mbele yake, hatua chache tu angeuweka ndani. Akarusha kutoka alipokuwa. Nilimwona kabla hajauachia. Ukagonga mbele ya ringi. Miguu, kama nilivyosema.

Nyamira wanaenda Nairobi. Alfayo amelala chini akalia kama mtoto mdogo. Ana umri wa miaka ishirini na minne, nani atamchagua timu ya taifa akiwa Kisii? Ni mimi niliyempeleka mbele na kumweka Jethro nyuma.

Halafu wakaanza. "Ameuza! Ameuza!" Mtu akamtupia Jethro ganda la ndizi, halafu jiwe. Refa ndiye aliyemtoa uwanjani.

Nimetembea mpaka hapa Mosocho kwa miguu, sikutaka kukaa na watu. Nikamkuta Jethro uani. Amefika kabla yangu, suruali yake ile ile, sikio limechubuka. Na mimi mjinga, mwaka huu, saa hii, baada ya yote, moyo uliruka. Nilifikiri amekuja kwa ajili yangu.

Akasema, "Unajua."

Nikasema najua.

Akasema ni mama yake. Amezeeka, anataka mtu wa kukaa nyumbani na shamba la chai. "Na wewe huwezi acha kazi ya ualimu, Persis. Si ni kweli?" Nikasema hukuniuliza. Miaka minne, hukuniuliza hata siku moja! Nikangoja aseme jambo. Kwamba anajuta, kwamba ananipenda, uongo wowote ningeupokea.

Akasema, "Kocha na hao wengine wanakuja hapa. Wanasema wataenda kwa meneja wa chama, nifukuzwe kazi. Wewe ulikaa mezani, wewe wanakuamini. Waambie mimi sikuuza."

Nikamuuliza mbona huwaambii mwenyewe. Akasema atasemaje? Kumtaja baba mkwe mbele ya vijana, habari za kumgusa mwili na mapaja? Hawezi, ni ensoni. "Mimi siwezi. Wewe unaweza. Wewe si mtu wa ile nyumba."

Mimi si mtu wa ile nyumba. Hivyo ndivyo alivyosema, bila ubaya wowote, kama anavyoeleza njia ya kwenda sokoni.

Nimeingia ndani nikafunga mlango. Amebaki uani. Nimechukua daftari hili maana nisipoandika nitapiga mayowe.

Wamefika. Nawasikia, Kocha, Alfayo, na kundi zima. Wanamuuliza Jethro na Jethro amenyamaza. Alfayo anamtukana kwa Kiswahili na Ekegusii vikichanganyika. Kocha anawatuliza. Sasa anaita: "Mwalimu! Toka kidogo, tafadhali. Wewe ndiye unaona vitu. Tuambie neno moja tu, huyu jamaa aliuza ama hakuuza?"

Hakuuza. Hilo ni la kweli. Lakini neno moja halitawatosha, wataniuliza basi kwa nini. Na kwa nini ni Nyamusi, ni ng'ombe wa mwezi wa saba, ni Makori. Itabidi nisimame uani kwangu, kwa mdomo wangu mwenyewe, niitangazie timu nzima arusi ya Jethro. Wote walioniita shemeji. Halafu Kocha, si mjinga, ataniuliza nilijua lini.

Nikinyamaza, kesho Kisii yote itamwita msaliti na hatapata kazi hata ya kubeba magunia. Nusu yangu inasema, aende! Aende akachume chai na mke wake. Nusu nyingine inalisikia lile sikio lake linavyouma. Namchukia na bado nataka kumpaka dawa. Nimechoka na mimi mwenyewe.

Kocha anaita tena, taratibu zaidi. Mong'ina ameingia kwa mlango wa jikoni, anauliza kama awaambie niko mgonjwa.

Nimemwambia hapana. Nimemwambia aniletee maji ninawe uso, nitoke nikawajibu.